Zamu ya Maji

Jumatano, Ibra, saa moja asubuhi.
Shangazi Rayya amekwisha pita soko la wanawake,
ananukia ubani na kitambaa kipya,
anakaa kwenye kiti changu cha kutolea damu
kama mtu aliyekuja kudai deni.
"Sijala tangu isha. Hata tende.
Hata mate nimeyameza kwa hesabu."

Nafunga mpira mkononi mwake.
Mshipa unajificha; naubembeleza kwa kidole.
"Hebu nambie, wewe uliyesoma:
hivi vidonge vinanifanyia nini humu ndani?"

Kikubwa, namwambia, kinasema na ini:
usimwage sukari usiku, watu wamelala.
Kidogo kinagonga mlango wa kongosho:
amka, toa insulini, wageni wamefika.
Lakini hakileti maji, shangazi.
Kinafungua mlango wa mfereji tu.
Chemchemi ikikauka, mlango utafunguliwa bure.

"Falaji," akasema.
"Kama falaji ya marehemu baba."
Akanieleza tena ninayoyajua:
mti uliochomekwa ardhini, kivuli kikihesabiwa hatua,
kila shamba na zamu yake,
na anayeiba maji ya jirani hana uso wa kwenda msibani.

Vichupa vitatu. Pamba. Plasta.
Akaondoka kuwahi kahawa.

Jumapili karudi, nami nimeshika karatasi.
Sukari ya asubuhi ile: saba nukta nane.
Akatabasamu. Siku nne nzima hakugusa halua,
kameza dawa kamili, kama mtoto anayefagia uwanja
baada ya kusikia hodi ya mkaguzi.

Kichupa cha pili hakijui kufagia.
Chembe nyekundu huishi miezi mitatu hivi,
hutembea na sukari iliyoiganda
kama halua kwenye vidole vya mtoto,
na ukiiuliza, inasema yote:
tisa nukta sita.

Cha tatu ndicho nilichokiogopa.
Insulini inapozaliwa, hukatwa kipande,
mfano wa kitovu; kipande hicho hubaki damuni
kutoa ushahidi kwamba mama amezaa.
Nikakihesabu mara mbili. Kipo. Kipo tele.
Kongosho la shangazi yangu, miaka sitini na nane,
bado linazaa likigongewa mlango.

"Basi chemchemi haijakauka," nikamwambia.
"Na dawa unachukua kila mwezi, daftari linasema.
Maji yanakwenda wapi?"

Akatazama kiyoyozi. Akatazama viatu vyangu.
Kisha akafungua mkoba, akatoa kopo la zaafarani,
na ndani, si zaafarani:
vidonge, vimefungwa kumikumi kwa uzi wa kushonea kofia.

"Nusu yangu, nusu ya Mselem."

Kaka yake, Wete. Kila akienda kituoni
huambiwa dawa zimekwisha, rudi wiki ijayo,
na wiki ijayo ina miguu mirefu kuliko yeye.
Mtoto wa Bi Zamzam anasafiri kesho kutwa.
"Maji ni zamu," akasema. "Kwani tulilelewaje?"

Nilimwambia yote yanayosemwa.
Kwamba nusu ya dawa si nusu ya maradhi.
Kwamba hicho kidogo kinaweza kumshusha Mselem
mpaka aanguke sokoni, jasho limemtoka,
watu wakadhani kalewa.
Kwamba macho yake mwenyewe, figo zake, miguu yake
inalipa nauli ya kopo lile.
Akanisikiliza kama anavyoisikiliza redio.

Kwenye faili pana mstari: sababu.
Nikashika kalamu, nikaiweka chini.

"Na hivi vijikaratasi vya kupimia kidole,"
akauliza, sauti ameipunguza,
"vinaweza kusafiri?"

Vinaharibika kwa joto, nikasema.
Na unyevu. Visitolewe kwenye kichupa chake.
Nikafunga mlango wa chumba,
nikachukua karatasi nyeupe,
nikaanza kuandika kwa herufi kubwa, azione bila miwani:
MJOMBA, PIMA KWANZA. USIMEZE KABLA YA KULA.